Tujiandae kwa Cheti cha Kazi ya Lishe ya Watoto



Siku moja nilitembelea darasa la kisomo. Somo lilipokwisha, mama mmoja alinyosha mkono. Akaniuliza, "Mwalimu, mimi sasa najua kusoma na kuandika. Naitaka ile kazi ya kupima watoto. Cheti chake nitakipataje?"

Wenzake walicheka kidogo. Mimi sikucheka. Swali lile ni la watu wengi, nalo linastahili jibu. Basi leo tutalijibu pamoja. Soma polepole. Ukikutana na sentensi ngumu, irudie. Kama jirani yako yupo, msomee kwa sauti.

CHETI NI NINI?

Cheti ni karatasi inayoshuhudia kwamba mtu amejifunza kazi fulani, akapimwa, akafaulu. Karatasi peke yake haimponyi mtoto. Kinachomsaidia mtoto ni ujuzi wa yule aliyepewa karatasi. Kwa hiyo tutaanza na ujuzi, kisha tutaitazama njia ya kupata cheti.

KAZI HII IMETOKA WAPI?

Hapa Tanzania kazi ya lishe ina historia ndefu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1983 mpango mkubwa wa lishe ulianza mkoani Iringa, katika vijiji 168. Mashirika ya UNICEF na WHO yaliusaidia, na fedha zilitoka Italia. Watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Wapimaji walikuwa wanakijiji wenyewe waliopewa mafunzo. Kisha hesabu ya watoto wenye utapiamlo ililetwa mbele ya viongozi na wanakijiji, wakaulizana: Watoto wetu wamepungua kwa nini? Tufanye nini?

Umeona? Kazi haikuishia kwenye mizani. Namba ziliandikwa ili watu wazijadili na kutenda.

UJUZI WA KWANZA: KUPIMA MKONO

Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu. Hutumika kwa mtoto wa miezi 6 hadi miezi 59, yaani kabla hajatimiza miaka 5. Hupimwa mkono wa kushoto. Tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, weka alama. Kisha nyosha mkono wa mtoto, uninginie. Zungusha utepe pale penye alama. Usiukaze hadi nyama ibonyee, wala usiulegeze.

Soma hivi:
– Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Huo ni utapiamlo mkali. Mtoto aende kituo cha afya bila kuchelewa.
– Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Mtoto yuko hatarini, naye apelekwe akaangaliwe.
– Kuanzia 12.5 na kuendelea ni kijani.

Usisahau miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, taratibu, kwa muda wa sekunde 3. Ukiondoa vidole, shimo likabaki miguu yote miwili, huo ni uvimbe. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya hata kama mkono wake ni kijani. Maji yaliyojaa mwilini yanaweza kumfanya aonekane mnene, kumbe anaumwa.

UJUZI WA PILI: KUPIMA UZITO

Ile mizani ya kuning'iniza ifungwe mahali imara. Ninginiza kwanza kile kisuruali cha kumpimia mtoto, kikiwa kitupu. Mshale usimame kwenye sifuri. Usiposimama, rekebisha kabla hujampima mtoto yeyote. Mtoto avuliwe nguo nzito na viatu. Subiri mshale utulie. Macho yako yawe sawa na mshale. Ukitazama kutoka chini au pembeni utasoma namba nyingine.

Kati ya kilo moja na nyingine kuna vistari vidogo. Kila kistari ni gramu 100. Kwa hiyo kilo 7 na vistari 8 tunaandika 7.8.

UJUZI WA TATU: KUANDIKA

Hapa, ndugu zangu, nataka niwasimulie jambo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja ninachokihudumia, mwanakisomo wangu mmoja alijitolea kusaidia siku ya kupima watoto. Alikuwa hodari darasani. Mwezi ule mtoto mmoja alipimwa, mshale ukasimama kwenye 7.8. Mwezi uliotangulia alikuwa na kilo 8.1. Maana yake alipungua gramu 300. Lakini watu walikuwa wengi, watoto wanalia, na yule mama akaandika 8.7.

Namba ni zile zile, 7 na 8. Zimebadilishana nafasi tu. Lakini kwenye kadi mstari ulipanda badala ya kushuka. Mama wa mtoto akapongezwa, akarudi nyumbani kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza habari za mtoto. Kumbe mtoto alikuwa akiharisha wiki nzima.

Mwezi uliofuata mizani ilisoma 7.2. Ndipo watu wakashtuka. Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akatibiwa, akapona. Tunashukuru. Lakini mwezi mzima ulipotea, na mtoto mdogo hana miezi ya kupoteza.

Yule mwanakisomo alinijia akilia. Alitaka kuacha. Nilimwambia, "Kosa hili nusu yake ni langu." Nilimfundisha kuandika namba, lakini sikumfundisha kuzihakiki. Chuoni tulifundishwa kusahihisha daftari la mwanafunzi. Sikufikiri kwamba kuna daftari ambalo kosa lake halingoji kalamu nyekundu ya mwalimu.

Tangu siku ile tunafanya hivi, nawe fanya hivi:
1. Wafanye kazi watu wawili. Mmoja apime, mwingine aandike.
2. Mpimaji aseme namba kwa sauti: "Saba nukta nane."
3. Mwandishi airudie kwa sauti: "Saba nukta nane." Kisha aandike.
4. Baada ya kuandika, aisome tena kutoka kwenye karatasi. Mpimaji atazame mizani. Mtoto asishushwe kabla namba hazijakubaliana.
5. Tazama namba ya mwezi uliopita. Mtoto akionekana amepanda au ameshuka sana, mpime tena.

Yule mama hakuacha. Mpaka leo ndiye mwandishi wetu, na sauti yake husikika uwanja mzima.

UJUZI WA NNE: KUZUNGUMZA NA MZAZI

Mzazi ambaye mtoto wake amepungua ana hofu na aibu. Usimwambie mbele za watu, "Mtoto wako amekonda, humlishi." Siku ya pili hatakuja. Mwite pembeni. Uliza kwanza: Mtoto aliumwa? Anakula mara ngapi? Nani anabaki naye ukienda shamba? Sikiliza majibu, ndipo ushauri kile anachokiweza.

Mashauri ya msingi ni haya. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kati ya miezi 6 na 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 au 4. Uji uwe mzito, usitiririke kama maji. Uongezwe karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa. Mboga za majani, maharage, mayai na matunda visiwe vya wakubwa tu. Na baba naye aitwe, maana mara nyingi yeye ndiye anayeamua kuku auzwe au yai liliwe.

SASA, NJIA YA CHETI

Nitasema kweli, nisimdanganye mtu. Kujua kusoma na kuandika ni mlango, lakini nyumba bado ina vyumba.

Chumba cha kwanza ni kujitolea. Nenda kwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu au zahanati. Omba kusaidia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Utaanza kwa kupanga foleni na kumshika mtoto. Utatazama, utauliza, utajaribu ukisimamiwa. Hapa hupewi cheti, lakini mkono unazoea.

Chumba cha pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano, na mafunzo yake ni ya miezi sita. Wahudumu hutoka katika jamii zao. Matangazo yake yametaka elimu ya kidato cha nne. Kwa hiyo sikiliza matangazo ya kijiji, soma mbao za ofisi, umuulize mtendaji.

"Mwalimu, mimi sikwenda sekondari." Usikate tamaa. Mtu mzima anaweza kusoma nje ya shule, akafanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Akifaulu anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa mwaka 1975, ina masomo ya watu wa namna hii. Ni safari ya miaka, si ya miezi. Lakini miaka itapita vilevile, usome usisome.

Chumba cha tatu ni vyuo. Maafisa lishe wa halmashauri husomea lishe hadi chuo kikuu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Labda si wewe utakayefika huko, labda ni binti yako. Naye akikuona unasoma usiku, atasoma.

Angalizo: ukiambiwa toa fedha upewe cheti bila mafunzo, kimbia. Chuo cha ufundi au cha afya ngazi ya kati lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET. Uliza kabla ya kulipa ada. Cheti cha kununua hakijui kusoma mizani.

JIPIME

1. Mtoto wa miezi 14 ana mkono wa sentimita 11.2. Ni rangi gani? Utafanya nini?
2. Mtoto alikuwa na kilo 9.4 mwezi Januari, 9.4 Februari na 9.3 Machi. Amepungua gramu ngapi? Utamuuliza mama maswali gani?
3. Kisuruali kitupu kinaninginia, mshale uko kwenye 0.2. Mwenzako anasema, "Tuendelee tu, watu wanasubiri." Utamjibuje?
4. Mkono wa mtoto ni kijani, lakini miguu yote inabonyea. Aende nyumbani?

Majibu: (1) Nyekundu, aende kituo cha afya bila kuchelewa. (2) Gramu 100. Uliza habari za ugonjwa, chakula na mlezi. Tena angalia, hata Februari hakuongezeka, na hiyo ilikuwa dalili tayari. (3) Mwambie turekebishe kwanza, maana kila mtoto ataandikiwa gramu 200 asizokuwa nazo. (4) Hapana, apelekwe kituo cha afya.

Ukikosa swali moja, rudi usome tena sehemu yake. Darasani kosa halimdhuru mtu, na ndiyo sababu tunakosea hapa. Yule mama aliyeniuliza swali ameshaanza kwenda zahanati siku za kliniki. Kwa sasa anashika daftari tu, na kila namba anairudia kwa sauti.