Somo la Kuwahifadhi Wajenzi na Khatari za Kazi

Jua ya kwamba nyumba haisimami kwa mawe na chokaa tu; husimama kwa mabega ya vibarua waliochimba msingi wake, na kwa migongo ya waliopanda na makarai juu ya majukwaa yake. Mwenye nyumba huihesabu saruji yake mfuko kwa mfuko; ama wale watu, mara nyingi hata majina yao hayajui.

Lililo la kwanza kujulikana ni kwamba khatari huondolewa kwanza, kisha ndipo mtu akingwe nayo. Wengi huligeuza jambo hili. Humpa kibarua kofia ngumu wakaona wamekwisha kutimiza wajibu, hali juu ya kichwa chake pana matofali yaliyopangwa ukingoni mwa jukwaa lisilo na ubao wa kuyazuia. Kofia ni ya mwisho, si ya mwanzo. Kazi iwezekanayo kufanywa chini na ifanywe chini. Isiyoepukika juu, jukwaa lake litiwe kizuizi pande zote. Na baada ya hayo ndipo mkanda na kofia.

Khatari kubwa, nayo hudharauliwa sana, ni ya mtaro. Mtu aliye juu ya ukuta huogopa, kwani hukuona chini. Aliye ndani ya shimo hujiona yu salama, kwa kuwa miguu yake i juu ya ardhi. Na udongo wa mita moja kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hupita kilo 1,000, na mara nyingi hufika 1,500 au kuzidi. Ukimfunika mtu mpaka kifuani aweza kufa, na kichwa chake ki nje, kwani killa atoapo pumzi udongo hushuka ukaijaza nafasi ile, asiweze kuvuta nyingine. Wenziwe wakiruka kumwokoa, ukingo wa pili huwaangukia. Basi mtaro ukifika kina cha mita moja na nusu, na katika mchanga hata kabla ya hapo, kuta zake zizuiwe kwa mbao na mihimili, au zilazwe kwa mteremko. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, sentimita 60 kwa uchache. Ngazi iwe karibu, na baada ya mvua asishuke mtu mpaka ukaguliwe.

Wako wenye kazi wasemao: Mafakihi wa Kishafii wamesema yakuwa aliyeajiriwa kuchimba kisima, kikamwangukia akafa, mwajiri hana diya juu yake. Ni kweli wamesema. Lakini msemaji ameishika nusu ya mas-ala. Hiyo ni khabari ya shimo lililoporomoka lenyewe, wala si ruhusa ya kumshusha mtu katika shimo ambalo mnyapara amekwisha kuuona ufa ukingoni mwake, akanyamaza. Tena sheria za fidia, ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2008, humpa aliyeumia kazini haki yake bila ya kumtaka athibitishe kosa la mwajiri.

Tarehe 11 Septemba 2015, siku ya Ijumaa, winchi kubwa lililotumika katika upanuzi wa Msikiti Mtukufu wa Makka liliuangukia msikiti wakati wa dhoruba, wakafa watu 111. Ni wepesi kusema kwamba ni upepo. Lakini kamati ya uchunguzi ilikuta kwamba mkono wa winchi lile uliachwa umeinuliwa, kinyume cha maagizo ya watengenezaji wake, ambao waliagiza ushushwe wakati lisipotumika.

Limebaki la mfanya kazi mwenyewe. Mkataba wa 167 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1988, unampa haki ya kujiondoa penye khatari kubwa iliyo karibu, na unamwajibisha amwarifu msimamizi wake papo hapo. Haki hii ni nzuri katika karatasi. Lakini kibarua alipwaye kwa siku, ambaye watoto wake wangojea unga wa jioni, hatatoka mtaroni kwa sababu ya ufa, ikiwa ajua kutoka kwake ni kukatwa ujira. Basi mwenye kazi na atangaze asubuhi, mbele ya wote, kwamba atakayetoka kwa khofu ya kweli atalipwa siku yake kamili. Na mnyapara aagizwe kusimamisha kazi bila ya kungoja ruhusa.