Nani Aligandisha Maziwa?

Jioni ulichemsha lita moja ya maziwa, yakapoa, ukayamimina kwenye kibuyu kilekile cha jana, ukakiziba na kwenda kulala. Asubuhi yameganda na yamekuwa makali. Hukutia ndimu wala siki. Nani kayagandisha?

Kibuyu, hata ukikisuuza vipi, hubaki na wapangaji ukutani. Hao ni bakteria: viumbe vya seli moja tu, vidogo kiasi kwamba ukiwapanga elfu moja mstari mmoja, wengi wao hawazidi upana wa punje ya ulezi. Kabla ya hadubini hakuna aliyewaona. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, alijisugulia lenzi mwenyewe, na mwaka 1683 akaeleza vijidudu alivyoviona vikiogelea katika utando aliokwangua kwenye meno yake.

Bakteria hana mambo mengi: anakula, anajigawa. Wenye kasi, wakipata chakula na joto, hujigawa kila dakika 20. Hebu piga hesabu. Mmoja saa mbili usiku. Saa tatu ni wanane. Saa nne ni 64. Saa kumi alfajiri wamepita milioni 16. Wa maziwa huenda taratibu zaidi, ila hawaanzi mmoja, huanza maelfu.

Chakula chao ni sukari iliyomo kwenye maziwa, na wakishakula hutoa asidi. Protini za maziwa, zilizokuwa zikielea kila moja kivyake, zikikutana na asidi hiyo hushikana, ndiyo mgando. Asidi hiyohiyo huwafukuza bakteria wengi waozeshaji. Kwa hiyo ule ukali ni uchafu wa bakteria, tuseme ukweli, nasi tunaunywa na kuomba kikombe cha pili.

Sasa twende shambani. Chimbua mharage unaokaribia kutoa maua, usiung'oe kwa nguvu, kisha osha mizizi. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na wekundu ndani, kama nyama mbichi, kazi inaendelea. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hivyo ilivyo. Bakteria wa kwenye kinundu huigeuza kuwa mbolea, na mharage huwalipa kwa sukari. Kiwanda cha mbolea, bila moshi.

Kipindupindu nacho huletwa na bakteria, aliyejipinda kama alama ya mkato. Sumu yake hulazimisha ukuta wa utumbo kumwaga chumvi, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa anauawa na ukavu, ndiyo maana tiba ya kwanza ni kumrudishia maji yenye chumvi na sukari, upesi, huku akikimbizwa kituoni.

Ndani ya utumbo wako wamo matrilioni ya bakteria wengine, wanaosaga nyuzinyuzi za mboga usizoweza kuzisaga mwenyewe na kuwabana wageni wabaya wasipate nafasi. Dawa ya kuua bakteria haiwaulizi majina. Inawapiga wema na wabaya pamoja. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haiviwezi kabisa. Kwa hiyo ukipiga chafya kesho, vidonge vile viache palepale dukani.