Kuku wetu wakati wa baridi

Ndugu wanafunzi, mwezi wa 6 ukiingia, katika kila lupango tunasikia neno moja: "Baridi ilimaliza kuku." Kwa jamaa nyingi za hapa Nzilo na Kolwezi, kuku si nyama ya sikukuu tu. Ni kalamu, ni daftari, ni sehemu ya minerval ya mwezi wa 9. Kwa hiyo katika somo hili tunauliza: ni kweli baridi ndiyo inaua kuku? Jibu ni hili: kuku mkubwa mwenye manyoya kamili, aliyeshiba na aliye mkavu, hafi kwa baridi ya kwetu. Kuko mambo mengine yenye kuua, na yale tunaweza kuyazuia.

1. Baridi yetu ni ya namna gani?

Kolwezi iko juu, kupita metre 1 400 juu ya bahari. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua inakosa na mawingu ni kidogo, basi usiku joto la udongo linapanda na kupotea katika anga. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku, joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Tena hewa ya baridi ni nzito, inateremka kama maji. Ndiyo sababu kwenye dembo ni baridi kupita juu ya kilima.

Theluji hatuna. Lakini Canada wanayo, na kule wafugaji wengi wanalaza kuku katika nyumba kavu pasipo moto, hata nje ikiwa digri 20 chini ya zero. Kuku wale hawapendi kukanyaga theluji, wanabaki ndani, lakini wanaishi. Kama wale wanaishi, sisi tuangalie vizuri kile kinachoua wetu.

2. Kuku anajikinga namna gani?

Joto la mwili wa kuku ni karibu digri 41 ao 42. La mtu ni 37. Asubuhi ya baridi tunaona kuku amevimba kama mpira. Hakunenepa usiku ule: amesimamisha manyoya, na hewa iliyofungwa katikati ya manyoya inashika joto, sawasawa na bulangeti. Anaficha kichwa chini ya bawa, anasimama kwa mguu mmoja ao kuketi juu ya vidole. Katika miguu, damu ya moto yenye kushuka inapita karibu na damu ya baridi yenye kupanda, na inaipasha moto mbele ya kurudi mwilini. Usiku kuku wanalala wakisongana.

Pale pasipo na manyoya ndipo joto linatoka: miguu, na ile nyama nyekundu ya kichwani na ya chini ya mdomo. Katika Québec, mwanzoni mwa karne ya 20, mtawa mmoja wa Oka, Wilfrid Châtelain, alichanganya aina mbalimbali za kuku akapata kuku aitwaye Chantecler, ambaye nyama ile ni ndogo sana, isigande kwa baridi.

Mtoto wa kuku hana bado manyoya ya kumkinga. Juma la kwanza anahitaji joto la digri 32 mpaka 35. Mama yake anampa joto lile chini ya mabawa. Bwana Yesu alipotwaa mfano wa kuku na watoto wake (Matayo 23:37), wasikilizaji wake walielewa mara moja.

3. Basi, ni nini inaua?

Kwanza, upepo na unyevu. Upepo unaondoa hewa ya moto kati ya manyoya. Manyoya yakilowana, bulangeti imekwisha kazi.

Pili, hewa mbaya. Wengi wanaziba nyumba ya kuku kila tundu kwa magunia. Pumzi na mavi vinaleta unyevu na harufu kali ya amoniaki, yenye kuchoma macho na mapafu. Mbaya zaidi ni kutia mbabula ndani. Makala yanatoa gazi ya sumu (CO) isiyo na rangi wala harufu. Inaua kuku, na inaua watu vilevile. Ndugu, msilale na mbabula katika chumba, hata kama moto unaonekana umezimika!

Tatu, njaa. Wakati wa baridi kuku anachoma chakula kingi kwa kupata joto, na ni wakati uleule wadudu na majani mabichi vinapungua.

Nne, ugonjwa wa Newcastle. Kuku wengi wakikufa kwa siku chache, wakipinda shingo, wakipumua kwa shida, wakihara majani-majani, tusisingizie baridi. Ni virusi, na dawa ya kuponya hakuna. Kuko chanjo tu, na aina moja inatiwa tone moja katika jicho.

4. Na mayai?

Kuku anataga kwa kufuata mwangaza. Kwetu mwezi wa 12 mchana una karibu masaa 12 na dakika 45. Mwezi wa 6, masaa 11 na nusu tu. Ukiongeza njaa, mayai yanapungua. Tusimchinje mama kuku haraka tukisema "huyu amezeeka."

5. Kazi ya kufanya

a) Upepo wa wakati huu unatoka sana upande wa kusini-mashariki. Tuzibe ukuta wa upande ule. Mlango utazame kaskazini, maana mwezi wa 6 jua linapita upande wa kaskazini.
b) Tuache nafasi wazi juu, chini ya bati, hewa itoke.
c) Tuweke mti mpana wa kulalia, na chini majani makavu ao maranda ya seremala; yakilowana, tuyabadilishe.
d) Jioni tuwape mahindi kidogo, kamfuko ka shingoni kakijaa, tumbo linatengeneza joto usiku.
e) Watoto wasio na mama tuwaweke katika karton, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Wakilia na kusongana, wanasikia baridi. Wakikaa mbali na chupa, mdomo wazi, joto limezidi.
f) Tuulize veterinere juu ya chanjo mbele ya baridi kuanza, kuku wakiwa bado wazima.
g) Kuku wakianza kufa, tusikimbize waliobaki sokoni. Kumuuzia jirani kuku mgonjwa ni kumwibia minerval ya watoto wake.

Maulizo ya kujijaribu

1. Juu ya nini kuku aliyelowana anasikia baridi kupita aliye mkavu?
2. Mbabula katika nyumba iliyofungwa inaua namna gani?
3. Katika lupango yenu, mlango wa nyumba ya kuku unatazama wapi? Angalieni leo, mkawaeleze wazazi.