Matandiko ya Mayai ya Kobe na Kinyonga

Afugaye kobe au kinyonga, nami nasema juu ya mwenye kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kuwaweka nyumbani kwa hiari yake tu, sharti kwanza asahau aliyoyazoea kwa kuku. Kuku huligeuza yai lake mara kwa mara, na maji ya kumtosha kifaranga yamo ndani yake tangu siku ya kutagwa. Ilhali yai la kinyonga, ambalo gamba lake ni laini mithili ya ngozi, hunywa unyevu wa udongo uliolifukia na kuongezeka unene, na likipinduliwa baada ya mimba kujishikiza juu aghalabu hufa. Kwa hiyo matandiko ya sanduku la kuangulia mayai yana kazi mbili zinazogombana: kulinywesha yai pole pole, na kulipitishia hewa. (Wale wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya huzaa watoto hai, basi mwenye hao asijisumbue.)

Sisi wa Rukala, magharibi mwa Kenya, hatuna uhaba wa vitu vya kujaribia. Mchanga wa Mto Sio ni bure kwa mwenye mkokoteni. Makapi ya mpunga yatoka Bunyala. Maranda yamejaa kwa maseremala. Na usumba wa nazi, uliosagwa kwa ajili ya vitalu vya miche, huuzwa agroveti. Maranda na makapi niliyaacha mapema, kwani vyote viwili huoza vikilowa, na ukungu ukishapata chakula hapo hauchelewi kuhamia kwenye mayai. Fauka ya hayo, maranda ya mbao zilizotiwa dawa ni sumu. Usumba ni afadhali, lakini hushika maji mengi kuliko unavyodhani, na usipooshwa vizuri huwa na chumvi.

Mchanga wataka maneno zaidi, maana wengi huutetea kwa hoja kwamba mamba na kasa hutagia mchangani. Ni kweli, lakini mamba huchimba shimo lenye kina ukingoni mwa mto, ambako ardhi yote iliyolizunguka hulirejeshea unyevu wake, na sanduku la plastiki lenye mchanga wa kimo cha kiganja halina ardhi ya kuliauni: juu hukauka ungali ukitazama, na chini maji yametuama.

Nilichokichagua ni vamikulaiti, jiwe la jamii ya ulanga ambalo likipata moto mkali hufumuka likawa chembe nyepesi zenye matabaka, maji yakakaa ndani ya matabaka na hewa ikapita baina ya chembe. Wala haliozi. Ajabu ni kwamba twaliagiza kwa bei ya kitu cha ng'ambo, hali machimbo ya Namekara, mashariki mwa Uganda, hayako mbali na Tororo. Nunua chembe nene, ujifunge kitambaa puani unapozimimina, kwa maana vumbi lake si jema kwa mapafu.

Sasa kipimo. Maelekezo ya Ulaya na Marekani aghalabu husema maji na vamikulaiti viwe sawa kwa uzani. Kanuni hiyo naiona inamfaa mtu ambaye nyumba yake hukaushwa na joto la mitambo wakati wa baridi. Hapa kwetu, Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha na hata chumvi mezani yalowa, hatari iliyo karibu ni maji kuzidi. Mimi kwa gramu 100 za vamikulaiti hutia gramu 80 za maji kwa mayai ya kinyonga, na takriban 50 kwa kobe, ambaye yai lake ni gumu. Finya konzi moja: ishikamane kidogo, pasidondoke hata tone. Lifukie yai nusu, ulitie alama ya penseli juu, kisha ulipime sanduku zima na kuandika uzani huo kwenye kifuniko. Kila juma, uzani uliopungua urudishe kwa maji ya uvuguvugu, ukiyamimina pembeni, si juu ya yai.

Joto nalo lina hukumu yake, kwa kuwa kwa kobe ndilo liamualo jinsia: la chini huleta madume, la juu majike. Stima inapopotea, chupa za maji zilizopangwa ndani ya inkubeta huzuia joto lisishuke ghafla. Matandiko membamba peke yake hayawezi.

Yai likibonyea mapema, matandiko yamekauka. Likibonyea siku za mwisho na kutoa jasho, kinyonga yu karibu kutoka, usitie maji. Kobe akishapasua gamba mwache humo hata kiini kilichobaki tumboni kifyonzwe chote, ndipo umhamishie juu ya kitambaa kibichi.