SOMO KWA MAKATIBU: SIMU YA CHAMA

Simu ya kisasa iliyonunuliwa kwa fedha za wanachama ni mali ya chama, kama ilivyo mizani. Kabla ya kuinunua, halmashauri iamue itafanya kazi gani.

1. Betri. Pasipo na umeme, betri ya mAh 5,000 ina faida kuliko kamera ya fahari.

2. Uhalali. Dukani ibonyezwe *#06#. Kila namba ya tarakimu 15 itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi. Tarehe 16 Juni, 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania. Wenye nazo walipata hasara.

3. Matumizi. Kila jioni ya msimu katibu apige picha kurasa za daftari la mapokezi, na nakala ihifadhiwe pia nje ya simu. Hata hivyo, picha haiondoi wajibu wa kutoa stakabadhi.

4. Ulinzi. Laini isajiliwe kwa jina la chama. La sivyo, katibu akiondoka huondoka nayo. Namba ya siri ya kufungulia simu isiwe ile ya fedha.

Swali la majadiliano: Daftari na simu vikiibwa usiku huu, kesho mkulima ataonyeshwa nini kuthibitisha kilo zake?