Kwa Wanaowanoa Walimu wa Biolojia: Fanya, Usifanye

USIANZE na projekta. Mwalimu aliyetazamishwa slaidi siku mbili atarudi shuleni kuwasomea wanafunzi slaidi zile zile.

ANZA na maziwa lala, hamira na uji wa kuchacha. Hiyo nayo ni bayoteknolojia, na mwalimu anaijua tangu utotoni.

MPE KILA MWALIMU ndizi mbivu yake. Aiponde mwenyewe, aichanganye na maji ya chumvi na sabuni ya vyombo, achuje kwa chujio la chai, kisha amimine spiriti baridi polepole ubavuni mwa glasi. Shule haina friji? Barafu iko kwa muuza samaki. (Spiriti inashika moto, jiko likae mbali.) Nyuzi nyeupe zikishapanda, mbane maswali: sabuni imefanya nini kwenye utando wa seli? Kwa nini DNA haiyeyuki katika spiriti? Asiyejibu hajajifunza kitu, hata kama nyuzi zake zimependeza. Mwambie pia kwamba hizo si DNA tupu. Zimechanganyika na protini.

USIAZIME mashine ya PCR chuo kikuu kwa siku moja. Mwalimu ataipiga picha, basi. Karatasi na mkasi vinatosha kuonyesha jinsi kimeng'enya EcoRI kinavyotafuta GAATTC na kukata kati ya G na A.

MARUFUKU ethidium bromide shuleni. Marufuku pia kufungua sahani iliyooteshwa bakteria: funga kwa tepu, itazamwe ikiwa imefungwa, kisha ipikwe kwenye sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 15, ndipo itupwe.

USIMGEUZE mwalimu mpiga debe wa GMO, wala wa wanaoipinga. Mpe mambo yalivyo: Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaidhinisha kilimo cha pamba ya Bt 2019, ikaondoa marufuku Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Mwanafunzi anayepinga aulizwe kuhusu insulini inayotengenezwa na bakteria, iliyoidhinishwa Marekani 1982. Anayeshabikia aulizwe mbegu inamilikiwa na nani.

USIGAWE vyeti siku ya kufunga semina. Posho mpe, nauli mpe. Cheti kingoje muhula unaofuata, ukishakaa dawati la nyuma ukamwona akifundisha. Asiyefundisha hata kipindi kimoja, asipewe.