Karatasi Yenye Nafasi Wazi Haisainiwi: Mwongozo kwa Wakopaji wa Mikopo Midogo

Mikopo midogo na msimamizi wake

Mkopo mdogo ni fedha anazopewa mtu binafsi, kikundi au mfanyabiashara mdogo ili azirejeshe pamoja na riba. Nchini Tanzania biashara hiyo inaongozwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Mwaka 2018 na kanuni zake za 2019, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Sheria imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la Kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La Pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. La Tatu ni vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), na la Nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA.

Malalamiko mazito huwahusu wanaojifanya wamo katika Daraja la Pili ilhali hawana leseni. Walimu, mama lishe, waendesha bodaboda na wachuuzi wa sokoni ndio wanaoumia zaidi, na mikopo hiyo wameipa jina lake: kausha damu. Sheria imepiga hatua kubwa, kwa kuwa kukopesha bila leseni sasa ni kosa la jinai. Hata hivyo, mkopaji aliyekwisha kusaini karatasi asiyoijua hujifungia mwenyewe mlango ambao sheria ilimfungulia. Kwa sababu hiyo onyo moja linarudiwa katika kijitabu hiki chote: karatasi yenye nafasi wazi haisainiwi.

Kumtambua mkopeshaji halali

Cheti cha Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kinathibitisha kwamba kampuni au jina la biashara limesajiliwa. Namba ya mlipakodi (TIN) inaonyesha kuwa mhusika anatambulika kwa Mamlaka ya Mapato. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomruhusu mtu kukopesha. Kwa Daraja la Pili, ruhusa ni leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni hupatikana katika tovuti ya Benki hiyo. Mkopeshaji anayedai leseni yake iko kwa bosi, au bado inashughulikiwa, achukuliwe kuwa hana.

Wanaokopesha kupitia simu nao wamo ndani ya utaratibu huo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu kuwepo katika duka la programu za simu si uthibitisho wa leseni.

Riba ya Daraja la Pili imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 500,000, hiyo ni shilingi 17,500 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 30 huchukua shilingi 150,000 kwa mwezi huohuo, na kwa miezi sita riba pekee hufika shilingi 900,000, karibu mara mbili ya mkopo wenyewe.

Hatari kuu: saini

Hila zinazowaangamiza wakopaji ni tatu, na zote hupitia kwenye kalamu.

Ya kwanza ni fomu tupu. Mkopaji mwenye haraka ya ada ya shule au dawa huambiwa asaini, na kwamba mengine yatajazwa baadaye. Yanayojazwa baadaye ni kiasi, riba na dhamana ambazo hakuzikubali kamwe.

Ya pili ni kiasi cha uongo. Mkopaji hupokea laki tano mkononi, lakini karatasi inasema amepokea laki nane.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: mkopo unaoandikwa kama mauzo. Juu ya karatasi pameandikwa mkataba wa mauziano ya nyumba, kiwanja au pikipiki, na bei iliyotajwa ni ile fedha ya mkopo. Rejesho moja likichelewa, mkopeshaji hasemi anadai. Husema amenunua, na huja kutaka mali yake.

Sheria ya Mikataba inasema kuwa ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, vitisho au ushawishi usiofaa si ridhaa huru, na aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba utenguliwe. Lakini mahakamani anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha, na maneno ya mdomo kwa kawaida hayaruhusiwi kubadili masharti yaliyokwisha kuandikwa. Udanganyifu unaweza kuthibitishwa, ila ni safari ndefu kwa mtu asiye na nakala wala shahidi. Ni nafuu kuizuia kalamu kuliko kuifuata saini mahakamani.

Utaratibu wa kusaini ni huu, nao haurukwi hata hatua moja:

1. Mkataba usomwe wote, kwa lugha anayoielewa mkopaji. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake anayemwamini, asiwe mtu wa mkopeshaji.
2. Kichwa cha karatasi kikaguliwe. Neno mauziano likionekana kwenye mkopo, mazungumzo yaishie hapo.
3. Kiasi, riba, ada, idadi ya marejesho na adhabu ya kuchelewa viandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.
4. Kila nafasi wazi ipigwe mstari kabla ya saini, na kila ukurasa usainiwe.
5. Kila upande uwe na shahidi wake.
6. Mkopaji aondoke na nakala yake siku hiyohiyo, na kila rejesho lipewe risiti au lipitie kwenye njia inayoacha kumbukumbu, kama benki au simu.

Mkopeshaji anayekataa hatua yoyote kati ya hizo amejitangaza mwenyewe. Karatasi yenye nafasi wazi haisainiwi, hata kama mgonjwa yuko hospitalini na mkopeshaji ni jirani.

Nyumba na ardhi

Kuweka nyumba au kiwanja rehani si kukiuza. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, rehani ni dhamana tu na haihamishi umiliki. Mkopeshaji hawezi kuuza kabla ya kumpa mkopaji notisi ya maandishi ya kuvunja masharti, na mnada wa ardhi hutanguliwa na tangazo la umma la siku zisizopungua 14. Dalali anayekuja na gari asubuhi bila notisi hana uhalali wa kuuza.

Nyumba ya familia ina kinga ya ziada. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mke au mume anayesaini fomu ya ridhaa anaweka rehani paa linalomfunika yeye na watoto wake. Aisome kama mkopaji mwenyewe.

Mdhamini na kadi ya benki

Mdhamini ni mdaiwa wa pili. Mkopaji akikimbia, deni lote linaweza kudaiwa kwake. Kumdhamini mtu kwa kumwonea haya ni kukubali kulilipa deni lake. Mdhamini apewe nakala yake, na karatasi yenye nafasi wazi haisainiwi na mdhamini pia.

Kadi ya benki na namba ya siri si dhamana. Mtumishi anayekabidhi kadi yake ameukabidhi mshahara wote, na amevunja makubaliano yake na benki. Aliyekwisha kuikabidhi aende benki mara moja, kadi ifungwe na apewe nyingine. Hatua hiyo haifuti deni halali, lakini inarudisha mshahara mikononi mwa mwenyewe.

Pa kupeleka malalamiko

Malalamiko huanza kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe. Yasipotatuliwa, hupelekwa Benki Kuu kwa mtoa huduma mwenye leseni, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa SACCOS. Vitisho, kuporwa mali na ukopeshaji bila leseni ni mambo ya polisi. Programu inayotuma picha au deni la mtu kwa ndugu na majirani inaweza kushtakiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya kata au ustawi wa jamii humwelekeza.

Badala ya kausha damu, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Umri na sifa za waombaji huelezwa na ofisa maendeleo ya jamii. Maelezo ya ardhi, ndoa na mikataba yaliyomo humu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Popote anapokopa, mkopaji asisaini asichokisoma, wala asiache nafasi ya mtu mwingine kuijazia baadaye.